Windows 10 imefika mwisho wake: nihamie Mac, Linux, au nibaki?

SWALI: Ndugu mtaalamu, mimi ni mhazili mstaafu na nimetumia Windows tangu enzi za XP. Kompyuta yangu ya nyumbani ina Windows 10. Bado ni nzima, lakini inaniambia haiwezi kupokea Windows 11. Mwanangu anasema ninunue Mac. Kijana wa jirani anasema nisinunue chochote, ataniwekea Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, bure. Naandika barua kwa Word, naweka hesabu za kikundi chetu kwa Excel, natengeneza jarida la kikundi kwa Publisher, natunza picha za familia, na barua pepe zangu za miaka mingi ziko kwenye Outlook. Naogopa mambo mawili: kupoteza kazi zangu, na kuanza kujifunza upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Nifanyeje?

JIBU: Shikamoo mama. Nianze na hofu yako ya kwanza, maana ndiyo nzito. Kazi zinaweza kupotea kweli, ila kinachozipoteza si Mac wala Linux. Zinapotea siku ya kuhamisha, pale mtu anapofuta diski ya zamani kabla hajahakikisha kilichofika upande wa pili. Hofu ya pili ni nyepesi. Mtu aliyepiga chapa maisha yake yote hasahau kuandika kwa sababu kitufe kimehama. Vidole vitakosea wiki mbili tatu, kisha vitazoea.

Ushauri wangu ni kwamba usianze kwa kuchagua kompyuta. Anza na kazi zako ulizozitaja, tuone kila moja inaweza kuendelea wapi na kwa masharti gani. Mwanao na huyo kijana wanakutakia mema, lakini kila mmoja anakupendekezea anachokitumia yeye, na hakuna kati yao anayetengeneza jarida kwa Publisher.

Kwanza kuhusu hiyo kompyuta kukataliwa. Windows 11 inadai prosesa (ule ubongo wa kompyuta) ya kizazi cha karibuni na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, kinachotunza funguo za siri ndani ya mashine. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hivi hukwama hapo hata kama zina nguvu ya kutosha kwa kazi za nyumbani. Kabla hujakubali hukumu hiyo, weka programu ya Microsoft iitwayo PC Health Check. Itakutajia ni kitu gani hasa kinachokosekana. Ikisema ni TPM peke yake, muombe huyo kijana aingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, aone kama haijazimwa tu. Zipo kompyuta ambazo TPM imo ndani yake, ila hakuna aliyeiwasha. Ikiwa ni prosesa, basi hapo hakuna la kufanya.

Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa watumiaji wa nyumbani ikatangaza mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kompyuta yako haitazimika siku hiyo. Itawaka na kufanya kazi kama jana, lakini matundu ya usalama yatakayogunduliwa baada ya hapo hayatazibwa, na wahalifu wanajua hivyo. Kwa mtu anayetunza hesabu za wenzake na anayefungua barua pepe kutoka kwa watu wengi, sikushauri uendelee nayo kwenye intaneti kwa muda mrefu bila masasisho.

Sasa kazi zako.

Word haina shida kubwa. Microsoft hutengeneza Word na Excel kwa ajili ya Mac pia, na ukiwa na usajili wa Microsoft 365, akaunti ileile inakuruhusu kuziweka kwenye Windows au Mac. Kwenye Linux hakuna Word ya kuweka kwenye mashine. Utaitumia kupitia kivinjari, ambako imepunguzwa uwezo, au utatumia LibreOffice, programu ya bure iliyoanza mwaka 2010 na inayofungua faili za Word na Excel. Barua ya kawaida itafunguka vizuri. Kinachoyumba ni mpangilio, na mara nyingi sababu ni fonti. Kama barua imeandikwa kwa Calibri na kompyuta mpya haina Calibri, itawekwa fonti nyingine, mistari itasogea, na barua ya ukurasa mmoja itamwagikia ukurasa wa pili. LibreOffice huja na fonti ya Carlito, ambayo herufi zake zina upana sawa na za Calibri, kwa hiyo tatizo hupungua. Fonti za mapambo ulizoziweka mwenyewe zitabidi uzihamishe.

Excel inategemea unaitumiaje. Kujumlisha safu, kupanga majina na kuchora chati kunafanyika kote. Lakini kama kitabu chako cha hesabu kina vitufe alivyokuwekea mtu, ukibofya kimoja kinaandaa taarifa ya mwezi, hiyo ni makro. Excel ya Mac inaendesha makro, ila vitufe na visanduku vya aina iitwayo ActiveX havifanyi kazi huko. LibreOffice nayo huendesha baadhi ya makro na kugomea nyingine. Hapa usikubali kuambiwa na mtu kwamba itakubali. Chukua kitabu chenyewe, nenda nacho kwenye Mac ya mwanao, bofya kila kitufe uone.

Publisher ndiyo fundo lenyewe, na nafurahi umeitaja. Haijawahi kuwapo Publisher ya Mac katika matoleo haya ya sasa, wala ya Linux. Mtu angeweza kukuambia kwamba kwa sababu hiyo ubaki Windows. Lakini Microsoft imekwisha kutangaza kwamba inaiacha Publisher baada ya Oktoba 2026, hata kwa walio kwenye Windows. Kwa hiyo jarida lako linapaswa kuhama hata kama wewe utabaki ulipo, na ni heri lihame wakati Publisher bado inafunguka mbele yako kuliko baadaye.

Fanya hivi. Fungua kila toleo la jarida unalotaka kulitunza, lihifadhi kama PDF. PDF itafunguka kwenye kompyuta yoyote, na mpangilio wake hautayumba. Kisha, kwa lile toleo unalolitumia kama kielelezo cha kutengenezea mengine, jaribu kulifungua kwa LibreOffice Draw, ambayo ina uwezo wa kusoma faili za Publisher. Tarajia kurekebisha: visanduku vya maandishi vitasogea na baadhi ya picha zitabadilika ukubwa. Kama jarida lako si gumu sana, yaani safu mbili, kichwa na picha kadhaa, ningekushauri ulijenge upya kwa Word yenyewe ukitumia visanduku vya maandishi. Ni kazi ya siku moja au mbili kwa mhazili mzoefu, na ukimaliza, umejifungua kutoka kwenye programu inayokufa.

Outlook nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo inayowaliza watu wengi. Swali la kujiuliza ni kama barua zako ziko kwenye seva ya anayekupa huduma ya barua pepe au ziko kwenye kompyuta yako peke yake. Fungua mipangilio ya akaunti yako ndani ya Outlook, kwa kawaida utaona neno IMAP au POP. Kama ni IMAP, barua ziko kwenye seva. Ukiingiza anwani na nywila kwenye kompyuta mpya, zitajaa zenyewe. Kama ni POP, na hasa kama akaunti ilifunguliwa zamani, barua zote huenda zimeshushwa na kufutwa kwenye seva. Zimo kwenye faili moja kubwa yenye herufi .pst mwishoni, ndani ya diski yako, na kompyuta mpya haitaiona hata barua moja. Kuna njia rahisi ya kuziokoa. Ongeza anwani ileile ndani ya Outlook kwa mtindo wa IMAP, kisha buruta folda zako za zamani uzipeleke kwenye akaunti hiyo mpya, moja moja. Zitapanda kwenye seva taratibu. Hakikisha kwanza kwamba nafasi uliyopewa inatosha, kisha ingia kwenye barua pepe kwa simu au kivinjari uone kama barua ya zamani kabisa inafunguka. Hata hivyo, usiifute ile faili ya .pst.

Nikiangalia orodha yako yote, mama, hakuna kitu kinachokulazimisha kubaki Windows, ukiondoa makro kama zipo. Basi kinachobaki kuamua ni jambo ambalo watu hawaliulizi kabisa: nani atapokea simu yako usiku printa ikigoma? Kwa mtumiaji asiye fundi, msaidizi aliye karibu na mwenye subira ana thamani kuliko tofauti yoyote kati ya mifumo hii. Kama mwanao anatumia Mac kila siku na anakupigia simu kila wiki, Mac kwako itakuwa rahisi. Kama kijana wa jirani ataondoka baada ya miezi mitatu, Linux aliyokuwekea itabaki na wewe peke yako. Waulize wote wawili waziwazi, bila kuoneana haya.

Linux ina sifa moja inayoifanya istahili kujaribiwa kwanza, nayo ni kwamba unaweza kuionja bila kugusa chochote. Muombe huyo kijana akuwekee Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, kwenye flashi, kisha muwashe kompyuta kutokea kwenye flashi hiyo. Mfumo utafunguka, nawe utaweza kuandika, kuingia intaneti na kufungua faili zako, ilhali Windows iko palepale kwenye diski. Itakuwa nzito kidogo kwa sababu flashi ni polepole kuliko diski, usiihukumu kwa hilo. Angalia mambo manne: kama Wi-Fi inashika, kama sauti inatoka, kama printa yako inachapa, na kama kompyuta ikilala inaamka vizuri. Ukiridhika, ndipo uzungumzie kuiweka kabisa. Na hapo sikiliza vizuri: akiambiwa achague kufuta diski nzima, kila kilichomo kinaondoka. Asibofye hapo mpaka nakala zako ziwe kwenye diski ya nje, na mpaka uwe umepata ufunguo wa BitLocker kama kompyuta yako imefungwa kwa usimbaji huo. Ufunguo huo ni tarakimu 48, na mara nyingi hutunzwa kwenye akaunti yako ya Microsoft.

Mac ina mazoea yake, na nitakutajia yale yatakayokusumbua wiki ya kwanza. Mahali pa Ctrl utatumia Command, kitufe kilicho jirani na kile kirefu cha nafasi: Command na C kunakili, Command na V kubandika. Kidole gumba ndicho kitakachofanya kazi hiyo, si kidole kidogo. Menyu haiko juu ya kila dirisha bali juu kabisa ya skrini, na hubadilika kufuatana na programu unayoitumia. Vitufe vya kufunga dirisha viko kushoto, na ukibofya kile chekundu, dirisha linafungwa lakini mara nyingi programu inabaki wazi. Kuifunga kabisa ni Command na Q. Ukichagua faili na kubonyeza Enter, haifunguki, inakuomba uibadilishe jina. Wageni wengi hushtuka hapo na kudhani wameharibu kitu. Kufungua ni kubofya mara mbili, au Command na O. Na ukipotelewa na faili au programu, bonyeza Command na kitufe cha nafasi, andika jina lake, itakuja.

Ipo tofauti moja ya Mac ambayo ni hatari kweli, na natamani kila anayehama aambiwe siku ya kwanza. Kwenye Windows, ukinakili folda iitwayo Picha kwenda mahali ambapo tayari kuna folda iitwayo Picha, Windows huzichanganya, vilivyomo vya zamani na vipya vikakaa pamoja. Kwenye Mac, ukiulizwa na ukachagua kubadilisha, yaani Replace, folda ya zamani inaondolewa nzima na mpya inakaa mahali pake. Picha za miaka kumi zinaweza kwenda hivyo, kwa kubofya mara moja. Kwa hiyo kila unapohamisha folda, ipe jina lisilofanana na lililopo, kwa mfano Picha 2019 hadi 2022, kisha uchanganye mwenyewe kwa utulivu.

Ukiamua kununua Mac iliyokwisha kutumika, muulize muuzaji prosesa yake. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 Apple ilianza kutumia prosesa zake yenyewe, ya kwanza ikiitwa M1, na imesema mfumo wa macOS 26, uliotoka mwaka 2025, ndio wa mwisho kuzikubali Mac za Intel. Mac ya Intel, hata ikiwa inang'aa na bei nafuu, itakurudisha kwenye tatizo hilihili ulilonalo leo. Pia kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) ya Mac hizi mpya haiongezwi baada ya kununua. Chukua yenye GB 16 kama uwezo unaruhusu.

Chromebook, yaani kompyuta zenye mfumo wa Google, hukuitaja, nami sitakaa sana hapo. Ni nzuri kwa mtu ambaye kazi zake zote ziko ndani ya kivinjari. Wewe una jarida na barua za kwenye diski, haikufai.

Na kununua kompyuta mpya yenye Windows 11? Ni jibu halali kabisa, mama, mtu asikutie aibu. Ndiyo njia yenye mabadiliko machache kuliko zote, na kama Excel yako ina makro za ActiveX, ndiyo ningekushauri moja kwa moja. Bado utapaswa kushughulikia Publisher na zile barua.

Sasa kuhamisha kwenyewe, kokote utakakokwenda. Nunua diski ya nje yenye nafasi kubwa kuliko kazi zako zote. Kabla hujaweka kitu, iandae (wenyewe huita "format") kwa mtindo wa exFAT, ambao Windows, Mac na Linux zote zinausoma na kuuandika. Diski nyingi huja na mtindo wa NTFS, na Mac huusoma tu bila kuweza kuandika juu yake. Kuandaa huko hufuta diski, ndiyo maana nasema kabla hujaweka kitu. Siku moja Mac ikikuambia kwamba haiwezi kuisoma diski uliyoichomeka na ikapendekeza kuiandaa upya, kataa, ichomoe, uirudishe kwenye kompyuta ya zamani uangalie.

Kisha tazama folda zako za Hati, Picha na Eneo-kazi kwa makini. Windows 10 mara nyingi huziunganisha na OneDrive, na faili inaweza kuonekana kwenye skrini yako ilhali mwili wake uko kwenye seva za Microsoft. Faili ya namna hiyo ina alama ya wingu pembeni. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua ibaki daima kwenye kifaa hiki, usubiri hadi alama zote za wingu ziwe tiki za kijani, ndipo unakili. Angalia pia folda ya vilivyopakuliwa. Watu huacha risiti na barua muhimu humo miaka na miaka. Usihangaike kunakili programu zenyewe. Programu za Windows haziwezi kuhamishwa kwa kunakili, zinawekwa upya.

Nywila zilizotunzwa ndani ya kivinjari zisisahaulike. Kama unatumia Chrome au Edge na umeingia kwa akaunti, zitakufuata ukiingia kwa akaunti hiyohiyo kwenye mashine mpya. Kama hujawahi kuingia kwa akaunti, ingia leo na uwashe usawazishaji. Hakikisha pia namba ya simu iliyosajiliwa kwenye akaunti zako ni ile unayoitumia sasa, maana kompyuta mpya itaonekana kama mgeni na utatumiwa msimbo wa kuthibitisha.

Ukisikia Mac au Linux haipati virusi, usilichukue kama lilivyo. Mwaka 2012 kirusi cha Flashback kiliingia kwenye Mac zaidi ya laki sita. Hatari zimepungua ukilinganisha na Windows, lakini barua ya kitapeli inayokuomba nywila haijali unasomea kwenye kompyuta gani.

Kompyuta ya zamani usiigawe wala kuiuza mara moja. Iache ikae na kazi zako zote angalau miezi mitatu, imeondolewa kwenye intaneti. Katika muda huo utakumbuka faili moja, barua moja, fonti moja uliyoisahau, na utaikuta. Kama umechagua Linux kwenye mashine hiyohiyo, muombe kijana aiweke kwenye diski mpya na ile ya zamani aichomoe na kukukabidhi mkononi. Na ile diski ya nje isiwe nakala pekee: ukishamaliza kuhamisha, kazi zako ziwe kwenye kompyuta mpya na kwenye diski, na zile za kikundi mpe mwenzako mmoja nakala nyingine akae nayo kwake.

Kwa wiki hii, fanya mawili tu: hifadhi majarida yote kama PDF, na uangalie kama Outlook yako imeandikwa IMAP au POP. Hayo hayategemei kompyuta utakayoichagua.